Nguo ya Buku Inaweza Kuwa Ghali Kuliko ya Elfu Nane



Leo nataka kuongea kitu ambacho najua kitawaudhi baadhi yenu, lakini acha nikiseme. Kila wiki mtu anaposti picha ya lundo la nguo limemwagwa kitandani, chini kaandika, "Pisi 60 kwa elfu 60 tu, Mungu ni mwema." Komenti zinajaa hongera. Wengine wanauliza kapatia wapi, wengine wanaomba namba ya muuzaji. Sijawahi kuona mtu huyo huyo anarudi baada ya mwezi kutuambia kati ya zile 60 zimetoka ngapi.

Mimi swali langu ni hilo tu. Zimetoka ngapi? Kwa sababu kwa maoni yangu nguo haijawa ofa siku uliyoinunua. Inakuwa ofa siku mteja anapoilipia, na siku hiyo ifike kabla rejesho lako halijafika. Kabla ya hapo ni hela yako imebadilika umbo na kukaa kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda.

Kwa ambao hatufahamiani, nimeishia kidato cha nne, sina chuo cha biashara. Nina fremu ndogo Dar es Salaam na nauza zaidi kwa simu, Instagram na status za WhatsApp. Magauni, jinzi, na nguo za watoto. Nilichojifunza nimekipata sokoni na kwenye daftari, na wenye daftari mnajua kwamba daftari halibembelezi mtu. Mali bila daftari huisha bila habari, huo msemo ungeandikwa mlangoni kwa kila muuza nguo.

Tuanze na bei ya chini inatoka wapi

Chukua soko la Mchikichini pale Ilala, ambalo wengi tunaliita Karume. Ukifika asubuhi wakati mabelo yanafunguliwa, bei ziko juu. Muuzaji kajua kwamba wa kwanza kuchambua ndiye anaondoka na nguo kali, kwa hiyo blauzi ambayo mchana atakupa kwa elfu mbili, asubuhi anataka saba au nane na habishani sana. Kadiri jua linavyopanda, bei inashuka. Ikifika alasiri utasikia buku buku, jioni kabisa jero jero. Hata Mlango Mmoja kule Mwanza au Memorial pale Moshi mwendo unafanana, ndivyo mtumba ulivyo.

Sasa wengi wanasema, basi dawa ni kwenda jioni. Mimi nasema subiri kwanza. Nguo unayoikuta jioni kwa buku imeshikwa na watu wangapi kabla yako? Wauza duka wameiona, wauza mtandaoni wameiona, akina dada wanaonunua za kuvaa wenyewe wameiona. Wote wameigeuza, wameirudisha. Kabla hujafurahia bei, jiulize wao wameona nini.

Kwa uzoefu wangu kuna sababu nne. Ya kwanza, ina kasoro: doa, zipu mbovu, imechanika kwapani, imefubaa. Ya pili, saizi haina watu, ni ndogo mno au ina kata ya ajabu. Ya tatu, msimu wake haujafika au umepita, kama koti zito mwezi wa pili. Ya nne, nguo haina shida yoyote ila muuzaji anataka hela ya kurudi nyumbani na hataki kubeba mzigo.

Ofa ya kweli ni hiyo ya nne. Ipo, sikatai, na siku ukiikuta unacheka peke yako kwenye daladala. Ya tatu ni ofa kwa mtu mwenye hela yake isiyo na haraka. Ya kwanza na ya pili siyo ofa, hapo unapokea tatizo la mtu mwingine na unalilipia. Shida ni kwamba zote nne zinauzwa buku, zimelala kwenye lundo moja, na macho yako yameshachoka.

Twende kwenye hesabu

Nitatumia namba za mfano, wewe weka zako. Wauzaji wawili, kila mmoja ana elfu 60 ya kununulia mzigo.

Muuzaji wa kwanza ananunua pisi 60 za buku. Nauli na kibeba mzigo elfu 4. Sabuni, maji, umeme wa pasi na fundi wa kushona vifungo na zipu, elfu 12. Bando la kupostia elfu 5. Jumla katumia elfu 81. Akifika nyumbani anachambua kwa mwanga mzuri, anakuta 15 haziuziki kabisa. Zimebaki 45. Anazipiga picha moja moja, anazipima, anazipandisha kwa elfu 4 kila moja. Ndani ya wiki mbili zinatoka 14. Kaingiza elfu 56. Yaani wiki mbili zimepita, bado elfu 25 haijarudi, na ndani zimebaki nguo 31.

Muuzaji wa pili ananunua pisi 8 kwa 7,500 kila moja, zile za kupointi asubuhi. Nauli elfu 4, sabuni na pasi elfu 2, bando lile lile elfu 5. Jumla elfu 71. Anauza elfu 16 kila moja. Wiki mbili zinatoka 6. Kaingiza elfu 96. Mtaji wote umerudi, kuna elfu 25 juu, na nguo mbili nzuri bado ziko kwenye henga.

Najua kuna mtu ataniambia, "Lakini huyo wa kwanza akifagia zile 31 kwa elfu mbili mbili anapata elfu 62, mwisho wa siku faida yake ni elfu 37, kamzidi mwenzake." Ni kweli kabisa, hesabu hiyo haina makosa. Ila niambie atazimaliza lini? Kama ni baada ya miezi miwili, mwenzake katika muda huo keshazungusha ule mtaji mara nne. Hata kama kila mzunguko ungempa elfu 25 tu, ana laki moja. Na hatujahesabu muda wa kupiga picha nguo 45, kujibu "bei gani dada?" mara mia, na kubishana na mtu anayetaka apunguziwe elfu 4 iwe elfu 2 na aletewe bure hadi Kibaha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwetu sisi wa mtandaoni kibaya hakijitembezi chenyewe. Kinatembezwa kwa bando lako, nguvu zako na usingizi wako.

Kwa nini nasema hili lina uzito

Kama mtaji wako ni wa mshahara wa mumeo au ni akiba ambayo hakuna anayeidai, unaweza kukosea ukajifunza taratibu. Lakini wengi wetu humu tunaanza na hela ya watu. Kikoba, mchezo wa kijumbe, au ile mikopo ya kausha damu ambayo rejesho ni kila wiki, wengine kila siku. Hela ya namna hiyo haijui msimu wala haijui kama nguo zako ni nzuri. Jumatatu ikifika inagonga mlango.

Kuna dada mmoja tunafahamiana mtaani. Ni mchapakazi kuliko mimi, hilo nasema bila aibu. Alichukua mkopo wa kikundi, akasikia mahali mabelo ya nguo za watoto yameshuka bei, akanunua belo zima. Nguo zilikuwa nzima, safi, hazina doa. Ila nyingi zilikuwa sweta nzito za sufi, makoti na soksi nene za kuvalia kwenye baridi ya Ulaya. Dar es Salaam, mwezi wa kumi na mbili, joto la kukausha nguo kamba nzima kwa nusu saa. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu wakubwa wa pale walishaangalia kalenda.

Marejesho mawili alilipa kwa hela ya chakula. La tatu wenzake wa kikundi walimlipia huku wamenuna. La tano walikuja kuchukua TV na friji dogo alilokuwa anauzia barafu. Na barafu ndiyo ilikuwa inamlipia kodi. Sweta ziliondoka baadaye, nyingine aliziuza kwa mtu wa Njombe kwa bei ya kutupa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sasa hivi akipita barabarani wale akina mama wa kikundi wanageuza uso, na yeye anazunguka njia ya nyuma kwenda dukani.

Hakuwa mvivu wala mjinga. Aliamini kile tunachoambiana kila siku, kwamba bei ikishuka ukimbie ukanunue. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Belo nalo tulitazame kwa akili. Belo linauzwa kwa uzito na daraja, na uzito unaozoeleka ni kilo 45. Ukisikia bei ya belo, usiishie hapo, uliza ni la nguo gani. Jinzi moja ikiwa na gramu 600, kilo 45 zinakupa pisi kama 75. Fulana ya gramu 200, uzito ule ule unakupa kama 225. Halafu toa zile ambazo hazitauzika, ndipo ugawe bei. Bei ya pisi inapatikana kwa kugawa kwa nguo zitakazouzika. Ukigawa kwa zote zilizomo unajidanganya mwenyewe. Na belo limefungwa, huoni ndani. Kwa mtu wa mkopo wa kila wiki, mimi ushauri wangu ni mmoja: usifungue belo peke yako. Pointi nguo chache unazoziona kwa macho, au mchange watu watatu mnaouza vitu tofauti, kila mtu achukue zake.

"Nunua sasa kabla hazijapigwa marufuku"

Hii nayo inawaingiza watu kwenye kununua bila mpango. Kila baada ya muda unasikia mitumba inaisha, kwa hiyo jaza ndani. Tukumbushane. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hadi iondoke kabisa ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikakasirika, na mwaka 2018 ikaisimamishia Rwanda nafasi ya kuuza nguo kule bila ushuru kupitia AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa zimesharudi nyuma. 2019 ikapita, na Karume watu waliendelea kuchambua kama kawaida.

Siwezi kukuahidi serikali itaamua nini kesho. Ninachosema, mtu aliyejaza chumba mwaka ule kwa kuogopa tetesi alikaa na mzigo wakati mwenzake anazungusha hela. Na mzigo uliolala una hatari zake. Kariakoo iliungua Julai 2021. Karume ikaungua Januari 2022, watu wakaamka asubuhi hawana hata kipande cha kamba cha kutundikia. Panya wapo, maji ya masika yapo, vibaka wapo. Hela iliyozunguka imeshalipa rejesho, nguo iliyolala inasubiri litakalotokea.

Maduka ya punguzo na nguo mpya

Wanaouza nguo mpya msifikiri mmepona. Baada ya Krismasi na baada ya Idi, Kariakoo na maduka ya mtaani wanabandika "kila kitu 5,000" au wanakata bei kwa kalamu nyekundu. Kulikuwa na 25,000 imekatwa, chini imeandikwa 10,000. Moyo unaruka.

Ile bei iliyokatwa mimi huwa siisomi kabisa. Nani aliinunua kwa 25,000? Hujui. Labda hakuna. Kipimo changu ni bei ya jumla ya gauni la namna ile kwenye maduka mengine matatu siku hiyo hiyo. Kama jumla ni 9,500 ukichukua dazeni, basi hiyo "punguzo" ya 10,000 ni bei ya kawaida iliyovaa nguo ya sikukuu.

Jambo la pili, kama duka limeandika 5,000 barabarani, mteja wako wa Dar naye amepita hiyo barabara. Ukiiposti kwa 15,000 anakuangalia tu. Utauza vizuri kwa yule ambaye hawezi kufika pale: mtu wa Songea, Kigoma au Masasi, au mama wa ofisini asiye na muda wa kuchambua lundo. Huyo anakulipa kwa sababu umemchagulia, umempimia, umepiga pasi na umemfungia vizuri ukamtumia kwa basi. Kama hufanyi hayo, hujaongeza kitu kwenye ile nguo, na mteja analiona hilo.

Kuhusu sikukuu, kununua gauni za watoto za Krismasi mwezi wa kwanza kwa nusu bei ni akili, lakini tu kama hela hiyo inaweza kulala miezi kumi na moja bila mtu kukudai. Idi nayo kumbuka haikai tarehe moja, kila mwaka inakuja mapema kwa siku kama 10 au 11, kwa hiyo usikariri mwezi wa mwaka jana. Makoti yale yale, ukiyanunua mwezi wa pili ukiwa na wateja wa Mbeya, Iringa na Njombe, mwezi wa sita unavuna. Kwa hela ya kausha damu, hapana.

Mimi ninavyofanya

Sisemi ndiyo njia pekee, ila inanilinda.

Kwanza, siendi sokoni bila orodha. Wiki nzima wateja wananiuliza vitu ambavyo sina: "Dada una gauni la kanisani saizi 14?" "Jinzi ya kiume kiuno 36?" "Nguo za mtoto wa miaka mitatu wa kiume?" Kila swali naliandika, pamoja na bei aliyosema anayo. Ijumaa naliangalia daftari. Kitu kilichoulizwa na watu watatu au zaidi ndicho ninachokwenda kukitafuta. Nikikikuta kwa elfu 8 na ninajua watu watatu wana 18, hiyo kwangu ni ofa kuliko lundo zima la buku. Kuna siku narudi na nguo tano tu na wenzangu wananicheka garini. Mara nyingi tatu zinakuwa zimeshalipiwa kabla sijafika nyumbani.

Pili, naikagua nguo kwa utaratibu ule ule kila mara, hata kama muuzaji ananiharakisha. Kola na kwapa kwanza, maana jasho na dawa za kwapa vinaacha rangi isiyotoka. Kisha zipu, naifungua na kuifunga mara mbili. Jinzi naiangalia katikati ya mapaja, hapo ndipo huwa inaisha. Nainyanyua kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo. Navuta mpira wa kiuno, ukilia kama karatasi umekufa. Mwisho naunusa, harufu ya ukungu haiishi kwa kufua mara moja.

Tatu, sikuamini lebo, nina futi ya fundi cherehani shingoni. Saizi 12 ya Uingereza ni karibu sawa na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na zote tatu utazikuta kwenye lundo moja. Ukimwandikia mteja "saizi 12" bila kusema ya wapi, umeshatafuta ugomvi. Tena nguo ikishafuliwa sana inanywea au inalegea. Mimi naandika sentimita za kifua, kiuno na urefu. Toka nianze hivyo, nguo za kurudishwa zimepungua sana.

Nne, kuna vitu hata vikiwa bure sichukui. Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku na TBS, halafu wako watu wanaokuletea sidiria na chupi za mtumba kwa bei chee wakisema "uza kimya kimya". Afya ya mteja na duka lako haviwezi kuwa rehani kwa faida ya elfu mbili.

Tano, nguo ikifikisha siku 21 haijatoka, naishusha. Ikifika 30 naitoa kwa bei niliyonunulia au naiunganisha na nyingine kama zawadi kwa mteja mkubwa. Inauma, lakini hela iliyorudi pungufu naweza kuifanyia kazi, ambayo haijarudi siwezi.

Usimkamue anayekuuzia

Hapa wengine tutatofautiana. Kuna msemo wa wazoefu kwamba faida inapatikana kwenye kununua, siyo kwenye kuuza. Nakubali nusu. Kununua ovyo hakuna mbwembwe za kuposti zitakazokuokoa. Lakini watu wameutafsiri kama ruhusa ya kumkaba kaka wa mtumba mpaka atoe jasho, kisa jero.

Yule kaka naye ana ushuru wa meza, ana mtu aliyemkopesha belo, ana watoto. Mimi nikiona bei ni ya haki na nguo naijua itatoka, nalipa, nasema asante kaka, kazi njema. Matokeo yake ni nini? Akifungua belo la magauni ananipigia simu. "Dada, njoo, leo kuna zile unazopenda." Anayemkaba kila siku hapigiwi simu, anasubiri jioni apate zilizobaki. Jero aliyookoa imemgharimu nguo kumi za asubuhi.

Kupatana bei ni sehemu ya soko letu na ina utamu wake, patana. Ila ujue wapi pa kuishia.

Na mteja mwambie ukweli

Mwisho, nguo za buku zina jaribu moja baya. Ukishanunua 60, ukakuta 15 zina kasoro, mkono unawasha kuzipiga picha kwa upande usioonyesha doa. Ukizipiga hivyo zitauzika. Kisha mteja wa Dodoma anapokea, anakuta doa, anapiga skrinshoti ya jina lako na lipa namba yako, anatupia kwenye magrupu. Hapo umeuza gauni la elfu 4 na umepoteza watu ambao hata huwajui.

Mimi kasoro naipiga picha yake peke yake, kwa karibu, na naandika: "Ina doa dogo chini mgongoni, nimeshusha bei." Utashangaa, watu wananunua. Tena wanarudi, kwa sababu wanajua nisipoandika kasoro basi haipo. Sisi wa mtandaoni mteja hashiki nguo, anashika neno letu tu.

Basi wapendwa, sina maana mtu asinunue vya bei ya chini. Karume nitaenda tena Jumamosi na nikikuta nguo ya buku ya ile sababu ya nne, nitaichukua mbio. Ombi langu ni dogo. Kabla hujatoka nyumbani wiki hii, fungua mifuko yote, hesabu nguo ulizonazo ndani ambazo zimepita mwezi, zidisha kwa bei uliyonunulia, uandike hiyo namba kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Hiyo ndiyo hela unayoitafuta kwa watu wa mikopo, na tayari iko chumbani kwako.

Ukishaipata, niambie umekuta shilingi ngapi. Na wale mnaoposti lundo kitandani, posti tu, tutawapongeza. Ila mwezi ujao mrudi mtuambie zimetoka ngapi.